Dakika Kumi na Moja

Mashine ilizimika dakika ya kumi na moja. Haikuzimika kwa kishindo. Iliguna, ikavuta pumzi kama mtu aliyepanda ngazi na ndoo mbili, kisha ikanyamaza, na maji yakabaki yakizunguka yenyewe kidogo kabla ya kutulia. Harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya kitambaa ikajaa kwenye kibaraza cha nyuma.

Mshonaji alitazama saa ya ukutani. Akachomoa waya kwenye soketi, akainama, akasogeza kiganja mgongoni mwa mashine. Hakuhitaji kugusa. Joto lilimfuata lenyewe.

"Imezimia tena?" Sauti ya mama mkwe wake ilitoka chumbani, upande wa pili wa ukuta.

"Imepumzika, mama."

"Anayepumzika ni mimi. Hiyo imezimia. Imwagie maji usoni."

Mshonaji alicheka kidogo, kicheko cha mdomoni tu. Shuka zilikuwa zimelowa, hazijafuliwa. Mashine ikishapata moto namna ile, ilihitaji karibu saa nzima ya kupoa, na ikiwaka tena ilianza upya tangu mwanzo, imesahau ilipokuwa imefikia. Dakika kumi na moja, kisha chali. Kufua kamili kulihitaji arobaini na mbili. Kwa hiyo hata ungekaa nayo kutwa, shuka zisingefika mwisho.

Na shuka zilikuwa za kila siku. Miezi mitano nyuma mama mkwe alianguka bafuni akavunjika nyonga, akahamia hapa. Mfupa ulikuwa umeunga, akili ilikuwa timamu, na ulimi ndio kabisa, ulikuwa kama umeongezewa nguvu. Ila mguu ulikataa haraka, na usiku hakuwahi kufika msalani. Kila asubuhi palikuwa na shuka mbili, gauni la kulalia, na mara nyingine blanketi. Mashine ilipokuwa nzima, jambo lenyewe halikuwa na uzito: unatia, unabonyeza, unarudi kwenye cherehani, na watu wawili mnajifanya hakuna kilichotokea.

Mashine ilipoanza kuzimia, mshonaji alirudi kwenye beseni. Ngozi ya mikono yake haikupatana na sabuni tangu ujana. Iliwasha, ikapasuka katikati ya vidole, na kwa mtu anayeshika sindano hilo si jambo dogo. Mama mkwe aliona mara moja. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Shuka zangu zikirudi kwenye mikono yako, mimi narudi kwa binti yangu." Na Jumapili akampigia simu binti yake mwenyewe, bila kumshirikisha mtu: njoo Jumamosi na gari.

Kwa binti hakukuwa na ubaya. Nyumba safi, ghorofa ya nne, chumba chenye dirisha kubwa. Lakini binti alitoka alfajiri akarudi jioni, na mama angekaa kutwa na mtu wa kuajiriwa asiyemjua, akitazama mawingu. Hapa alikuwa na kazi. Kila asubuhi aliletwa na kiti chake kwenye chumba cha kushonea, akapewa mashati ya kuwekea vifungo. Wateja walimsalimia yeye kabla ya kumsalimia mwenye cherehani, na aliyekuja kupimwa huku amebana tumbo aliambiwa hapo hapo, "Pumua, mwanangu. Hiyo nguo utaivaa ukiwa hai."

Mume wa mshonaji alikuwa njiani siku sita kati ya saba, na habari hii aliisikia kwa simu tu. Kabla ya ajali ya bafuni, zilikuwa siku sita za kusikia cherehani na redio. Mshonaji hakuwahi kumwambia mtu kwamba nyumba ilikuwa imepata watu tangu mama mkwe ahamie. Si neno ambalo ungelisema kwa mtu aliyevunjika mfupa. Lakini ndilo lililokuwa kifuani mwake Jumatatu hiyo, alipokuwa amesimama na shuka zilizolowa, akihesabu siku kwa vidole: Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa.

Alimwita fundi wa redio wa jirani. Alikuja na bisibisi sikioni kama kalamu, akanusa, akatikisa kichwa.

"Mota hiyo, dada. Imekwisha."

"Hujaifungua."

"Sina haja. Pua hii ina miaka ishirini kazini. Na mashine za aina hii hawatengenezi tena. Mota yake utaitafuta mpaka nywele zigeuke nyeupe."

"Kama imekwisha, mbona ikipoa inafanya kazi?"

Fundi wa redio alikuna kidevu. "Kuna kidude humo ndani. Joto likizidi, kinakata umeme. Ikipoa, kinarudisha. Ni ulinzi tu."

"Kwa hiyo inajilinda."

"Inajilinda huku inakufa," alisema fundi, akaaga, maana redio yake ilikuwa wazi mezani na watoto wa nyumbani kwake walikuwa na vidole virefu.

Mshonaji alibaki amesimama. Hakumlaumu. Lakini katika kazi yake mwenyewe alishazoea jambo hili: mteja anavaa gauni, linambana, anasema limeharibika. Gauni halijaharibika. Kuna mshono mmoja unaovuta, na huwezi kuujua kwa kunusa. Unafumua mmoja, unamvalisha tena, unatazama. Unafumua mwingine. Ukifumua miwili kwa mpigo hutajua ni upi.

Alifungua daftari lake la vipimo, akaandika chini ya kiuno cha mteja wa mwisho: *Jumatatu, 11.*

Jumanne alipunguza mzigo. Badala ya shuka mbili na gauni, alitia shuka moja. Kumi na moja. Alasiri alihamisha waya kwenye soketi ya sebuleni, akidhani labda ile ya kibarazani imechoka. Kumi na moja tena.

"Angalau ni mkweli," mama mkwe alisema kutoka chumbani. Alikuwa ameweka saa ya mezani kifuani na alihesabu naye. "Haibadilishi maneno."

Jumatano, baada ya kuchomoa waya na kuusubiri mwili wa mashine upoe, alifungua ubao wa nyuma. Ndani alikuta maajabu yake mwenyewe. Kuzunguka mota, juu ya matundu ya kupitishia hewa, kulikuwa kumefungamana nyuzi: nyekundu za sare za shule, nyeusi za suruali, za dhahabu za gauni la harusi ya mwaka juzi. Vumbi la miaka ya cherehani lote lilikuwa limekuja kulala hapa, limejikunja kama kiota. Alilisugua kwa mswaki wa zamani, akalitoa kipande kwa kipande. Mota ilikuwa imezibwa pua! Kumbe ni hilo tu! Akaisogeza mashine mbali na ukuta, akatia shuka, akawasha.

Dakika ya kumi na moja ikapita. Ya kumi na mbili. Chumbani, mama mkwe aliacha kuzungumza. Ya kumi na nne. Ya kumi na tano ikaguna, na kimya.

"Imejitahidi," mama mkwe alisema, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake. "Mwanangu, acha. Umehangaika vya kutosha."

Mshonaji alifungua daftari. Aliandika *15*. Dakika nne ni nne. Mshono mmoja ulikuwa umefumuliwa na gauni lilikuwa limelegea kidogo. Maana yake ulikuwepo mwingine.

Alhamisi asubuhi alifunga mlango wa kibaraza, akafungua bomba kidogo sana, na kufua kwa mkono kimya kimya. Alikuwa anasuuza shuka ya pili aliposikia:

"Maji gani hayo yanatiririka kama mwizi anaoga?"

Akakausha mikono, akaenda. Mama mkwe alikuwa ameketi kitandani, mito mgongoni, miwani imeteleza hadi ncha ya pua.

"Nipe mkono."

"Mama, sina…"

"Sikukuuliza una nini. Nipe mkono."

Aliupokea kama anavyopokea shati lenye dosari, akaugeuza, akatenganisha vidole. Kati ya kidole gumba na cha pili ngozi ilikuwa imepasuka hadi kwenye wekundu.

"Na jana ulishona kwa mkono huu?"

"Nilijikaza kisabuni."

"Sabuni ndiyo iliyokufanya hivi." Akauachia mkono polepole. "Jumamosi, mwanangu. Usinibembeleze nibaki, nimeshakuwa mzigo."

"Nipe mpaka kesho jioni."

"Kesho kuna nini?"

"Mwanao anarudi."

"Mwanangu anarudi kila Ijumaa," mama mkwe alisema, akiirudisha miwani juu, "na hiyo mashine kila Ijumaa inazidi kuwa mgonjwa."

Alisema kwa mzaha, akageukia shati lake. Mshonaji hakuelewa kwa nini maneno yale yalimganda sikioni. Alikwenda nayo hadi kibarazani.

Kwenye cherehani yake ya miguu, pedali ikiwa nzito, huwa hakisii. Anavua mkanda unaounganisha gurudumu la chini na la juu, kisha anajaribu kila upande peke yake, ajue nani mkorofi. Hapa pia palikuwa na mkanda: mweusi, wa mpira, umetoka kwenye gurudumu dogo la mota kwenda kwenye gurudumu kubwa la pipa la kufulia. Mbona hakuliwaza hili mapema? Alihakikisha waya umechomolewa, akashika mkanda ili auvue.

Haukuvulika. Ulikuwa umebana kama ngozi ya ngoma. Ilibidi achomeke mpini wa mwiko, azungushe gurudumu kwa mkono mmoja na kusukuma kwa mwingine, na ulipochomoka ulimchapa kwenye kiwiko kwa hasira.

Alizungusha pipa kwa mkono. Likazunguka laini, mizunguko mitatu, bila kukwaruza. Halikuwa na kosa. Akarudi nyuma, mikono mbali, akawasha mota peke yake. Ikanguruma kwa wepesi. Dakika kumi na tano zikapita. Ishirini. Alileta shati moja akalipinda kola huku anasikiliza. Arobaini. Akazima, akachomoa, akaweka kiganja juu ya mota.

Vuguvugu. Kama kikombe cha chai kilichosahauliwa mezani.

Mota haikuwa imekwisha. Pipa halikuwa na tatizo. Mshonaji akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameshika mkanda mapajani, na kati ya hao wawili wasio na hatia kilichobaki ni hicho alichokishika.

Akachukua daftari, akarudi nyuma kurasa. Wiki za nyuma, kila mashine ilipozimika na kumtoa kwenye kazi, alikuwa ameandika tu pale pale alipokuwa, katikati ya vipimo vya watu. *Bega 41, mashine 31. Kiuno 82, mashine 24.* Sasa alizisoma tarehe. Wiki nzima namba haikusogea. Thelathini na moja, thelathini na moja, thelathini na moja. Kisha ikashuka ghafla. Wiki nyingine nzima ishirini na nne, ikashuka. Kumi na saba. Kumi na moja. Na kila iliposhuka, ilishuka Jumamosi.

Akashika tama kwa muda mrefu.

Mume wake alikuwa mfunga mizigo kwenye malori. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa kwenye vyeti tu. Kwa dereva, kwa wapakizi, hata kwa mama yake mzazi, alikuwa Fundo. Kwa miaka kumi na minane hakuna mzigo wa Fundo uliowahi kuanguka barabarani, na hilo alilisema kwa upole lakini alilisema mara nyingi. Kamba kwake ilikuwa haijafungwa mpaka uipige kwa kidole ikuitikie.

Wiki nne nyuma, blanketi zito lilikuwa limeufanya mkanda uteleze na kupiga mluzi mkali uliomfanya mama yake azibe masikio. Ijumaa hiyo Fundo alifungua mashine, akalegeza nati zinazoshikilia mota, akaivuta mota nyuma mpaka mkanda ukanyooka, akakaza. Mluzi ukaisha. Mama akamwombea dua ndefu. Ijumaa iliyofuata, mashine ilipoanza kuzimika, aliona ni dhahiri kwamba mkanda umelegea tena, akaivuta zaidi. Na iliyofuata. Alikwenda kibarazani kabla hajavua viatu. Kwa mwana anayelala barabarani siku sita, hicho kilikuwa kitu kimoja ambacho mama angekisikia akimfanyia, kupitia ukutani: spana ikigonga chuma.

Mshonaji alishika spana ajaribu kuzilegeza nati mwenyewe. Alining'inia nayo kwa uzito wake wote. Wapi! Fundo hukaza kwa spana iliyovikwa bomba la chuma. Angeweza kumwita fundi wa redio, lakini yule kabla mate hayajakauka mtaa mzima ungekuwa unajua mfunga mizigo amekaza mashine ya mama yake mzazi hadi ikazimia. Na hata nati zikilegezwa kwa siri, Ijumaa ingefika, na Fundo angekaza.

Ilibidi aambiwe. Usiku na mchana uliofuata mshonaji alipanga sentensi, akazifumua, akazipanga tena. Zote zilikuwa na neno *wewe* mahali fulani.

Ijumaa saa kumi na moja jioni Fundo aliingia na vumbi la barabara mpaka kwenye kope.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, Fundo. Umefika na mifupa yote?"

"Yote, mama. Subiri nikuangalizie huyu mgonjwa wako." Alikuwa tayari na spana mkononi, bomba kwapani. Alipofika kibarazani akasimama. Mkanda ulikuwa umetundikwa kwenye msumari. "Nani kaufungua?"

"Mimi," mshonaji alisema. "Nisaidie kitu, lakini usiniulize kwanza."

Fundo alimtazama. Walikuwa wameoana miaka tisa na alijua sauti zake. Akaketi kwenye ndoo.

Mshonaji aliwasha mota bila mkanda. Walizungumza habari za safari, daraja lililokuwa likitengenezwa, dereva aliyesahau viatu hotelini. Robo saa ilipopita akazima na kuchomoa waya.

"Weka mkono."

Akaweka. "Mbona haijapata moto?"

"Sasa rudisha mkanda. Kama unavyourudisha siku zote."

Alifanya kwa ustadi wake, akaupandisha kwenye magurudumu kwa mkono mmoja pale ambapo yeye alipigana na mwiko. Kisha akaupiga kwa kidole. Mkanda ukaitika, *ting*, na uso wa Fundo ukang'aa kidogo bila yeye kutaka.

Wakatia shuka moja na maji, wakawasha. Safari hii hawakuzungumza. Dakika ya nane mshonaji alizima.

"Weka mkono."

Fundo aliweka, akaurudisha upesi. Akatazama mota. Akautazama mkanda. Hakuwa mjinga, mtu anayejua uzito wa mzigo kwa kuutazama si mjinga. Ndani ya sekunde chache uso ule ulisafiri njia yote ambayo mkewe aliisafiri wiki nzima.

"Ni mkanda," alisema.

"Ni mkanda."

"Umebana. Mota inavutwa upande mmoja, inazunguka huku imenyongwa." Akazionyesha nati kwa kidole. "Nimekaza mimi."

Mshonaji alikuwa na sentensi zake zote pale, na hakuna iliyohitajika.

"Mzigo ukilegea unaua mtu," Fundo alisema, kama anajitetea mbele ya askari wa barabarani.

"Mzigo wako hautakiwi kusogea, baba. Huu unatakiwa kuzunguka."

Fundo akaugusa mkanda tena kwa kidole. "Kwa hiyo wiki zote hizi, mimi ndiye niliyekuwa namfukuza mama."

"Nani ananifukuza?" ukuta ukauliza.

Wote wawili wakaganda.

"Nasikia, nimevunjika nyonga, si sikio. Fundo! Unakumbuka viatu vyako vya shule?"

"Mama, si wakati…"

"Ulikuwa unafunga kamba mpaka vidole vinakufa ganzi. Jioni tunakaa watu wawili kukufungua, na mwisho baba yako anakata kwa kisu. Kila mwezi kamba mpya! Nilidhani ukikua utapona."

Kwanza mshonaji ndiye aliyecheka, kisha Fundo, akiwa ameficha uso kwa mkono wenye grisi, na mkono ulipoondoka uliacha masharubu meusi.

"Basi kesho huendi, mama," alisema.

"Nani kasema? Mimi nataka kusikia dakika arobaini na mbili. Saa ninayo."

Wakaanza kulegeza. Nati ziliachia kwa mlio uliowafanya majirani wachungulie. Mshonaji alikuwa na kipimo kimoja tu, cha cherehani: mkanda ukiubonyeza katikati kwa kidole gumba, uingie ndani kadiri ya upana wa kidole, usizidi sana. Hakujua kama mashine ya kufulia ingekubali sheria ya cherehani, lakini pa kuanzia ni pa kuanzia.

"Imetosha?" Fundo aliuliza, akiisogeza mota mbele kwa unene wa shilingi.

"Bado."

"Sasa?"

"Bado."

"Mke wangu, hii imelegea. Naona aibu kuishika."

"Ione tu. Sogeza."

Walipojaribu na shuka mbili zilizolowa, mkanda ukateleza na kupiga mluzi. "Unasikia?" Fundo aliruka na spana. Mshonaji akamshika mkono. "Kidogo. Kama unafunga mtoto mchanga." Fundo akairudisha mota nyuma kidogo, nusu ya pale alipotaka, na jasho likamtoka kwa kazi ya kutotumia nguvu. Walijaribu, wakabonyeza, wakasogeza. Mara ya tano mkanda ulibeba shuka mbili bila mluzi, na kidole gumba cha Fundo kikazama ndani kama inavyotakiwa. Mota ilikuwa na moto wa majaribio yote hayo, kwa hiyo wakaiacha ipoe hadi asubuhi. Hakuna aliyesema itafaulu.

Jumamosi saa mbili mama mkwe alitaka kiti chake kipelekwe kibarazani. Alikuwa hajawahi kuuona mgongo wa mashine. Akautazama kwa makini.

"Kumbe na hii ina nyonga," alisema.

Shuka za usiku zikaingia, mbili, pamoja na gauni na blanketi, maana mama mkwe alisema jaribio la huruma hataki. Fundo alichuchumaa karibu, spana kwenye goti. Mshonaji aliwasha.

Dakika ya kumi na moja ilipita bila mtu kuitaja. Ya kumi na tano mama mkwe aliinua kidole kimoja. Ya ishirini na tatu gari likasimama mbele ya nyumba, na binti akaingia na funguo mkononi, amevaa nguo za safari, akawakuta watu wazima watatu wameizunguka mashine kama wanasikiliza hotuba.

"Hodi! Mama, uko tayari? Nimeacha gari linanguruma."

"Lizime."

"Nini?"

"Gari. Lizime, kelele zake zinanichanganyia hesabu."

Binti alimgeukia mshonaji. "Wifi, kuna nini?"

"Dakika kumi na tisa tu, wifi. Kaa."

Akaenda akazima gari, akarudi, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Thelathini. Thelathini na moja. Dakika ya thelathini na tano mashine iliguna, ikapunguza mwendo, ikatikisika.

Mkono wa Fundo ukaruka kwenye spana.

"Acha," mshonaji alisema. Hata yeye hakuwa na hakika. Mashine ikasita, ikamwaga maji kwenye bomba la chini kwa mkoromo mrefu, kisha ikaanza kukamua, polepole, halafu kwa kasi, ikiimba kwa sauti ambayo nyumba ile ilikuwa haijaisikia kwa mwezi mzima. Fundo akaweka spana sakafuni na kukalia mikono yake.

Dakika ya arobaini na mbili ikalia mara tatu, ikazima yenyewe, kwa hiari yake.

Hakuna aliyepiga makofi. Mshonaji alichomoa waya na kuweka kiganja juu ya mota. Ilikuwa na moto wa kawaida, moto wa kitu kilichofanya kazi. Aliuacha mkono pale akahesabu hadi kumi, na haukumlazimisha kuuondoa. Alipoinua macho, mama mkwe alikuwa anamtazama yeye, si mashine.

"Mama," binti alisema taratibu, "kitanda nimeshakitandika. Na mapazia nimebadilisha."

Hilo lilikuwa jambo la kweli na lilimgusa kila mtu. Mama mkwe alimvuta binti yake karibu, akamshika shavu.

"Mapazia nitakuja kuyaona. Utanichukua mwisho wa mwezi, siku mbili, kama mgeni. Utanipikia, utanisifia, kisha utanirudisha. Hapa nina vifungo vya watu." Akamwachia. "Nilitaka kuondoka kwa sababu ya mikono ya huyu. Sasa mikono itapona. Nikiona imepasuka tena, nitakupigia simu mwenyewe, unanijua."

"Nakujua," binti alisema, akapumua kwa nguvu, nusu kwa kuvunjika moyo na nusu kwa kitu kilichofanana na nafuu. "Kwa hiyo nimekuja bure."

"Bure kwa nini? Ulikuja kubeba. Beba." Na akaelekeza kidevu kwenye beseni ambalo mshonaji alikuwa analijaza shuka.

Binti alicheka bila kupenda. Akavua koti, akampa kaka yake alishike, akakunja mikono ya blauzi na kutoka nje na beseni kiunoni. Mshonaji alifungua daftari, akaandika *42*, na chini yake, kwa kuwa mteja wa saa tatu alikuwa tayari anagonga mlango wa mbele, akapiga mstari wa kipimo kipya.

"Vibanio viko wapi?" wifi aliita kutoka kwenye kamba ya kuanikia.

"Jikoni!" alisema Fundo.

"Dirishani!" alisema mshonaji.

"Ninavyo mimi," alisema mama mkwe, akiingiza mkono mfukoni mwa gauni lake. "Njoo uvichukue, miguu unayo."